Zabuni zimehamia mtandaoni, dawa bado zinasubiriwa dirishani

Na Mwandishi Wetu

MAMA aliyebeba mtoto mgonjwa na kusimama mbele ya dirisha la dawa la zahanati ya umma haulizi nani ameshinda zabuni ya kuiuzia Serikali dawa mwaka huu. Anauliza kama dawa ipo. Akijibiwa kuwa haipo, hupewa kikaratasi chenye jina la dawa na kuelekezwa duka lililo ng'ambo ya barabara. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawaweka watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito katika kundi la wanaostahili kutibiwa bila malipo, lakini mwenye duka la dawa hana msamaha wa aina hiyo.

Mageuzi ya ununuzi wa kielektroniki katika sekta ya afya yanafaa kupimwa kuanzia hapo dirishani. Katika kumbi za semina yamekwisha kusifiwa vya kutosha.

Julai 2023 Tanzania ilianza kutumia Mfumo wa Taifa wa Ununuzi wa Umma kwa Njia ya Kielektroniki, maarufu kwa jina la NeST, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Mfumo huo ulichukua nafasi ya ule uliojulikana kama TANePS, ambao majaribio yake yalianza mwaka 2018. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, na sheria hiyo ikaufanya mfumo wa kielektroniki kuwa ndiyo njia ya kawaida ya kununua kwa fedha za umma.

Faida zake si za kubeza. Wanaokumbuka zabuni za miaka ya nyuma wanakumbuka safari za kununua makabrasha ya zabuni, sanduku lenye kufuli mlangoni mwa ofisi ya ugavi, na wazabuni waliokimbizana na saa 4:00 asubuhi wakiwa na bahasha zilizofungwa kwa lakiri. Kulikuwa na bahasha ya zabuni, na watu wa biashara wanajua kwamba wakati mwingine kulikuwa na bahasha ya aina nyingine. Leo tangazo linaonekana na kila aliyesajiliwa, muda wa kuwasilisha unafungwa na kompyuta, na kila anayegusa nyaraka huacha alama ya jina lake na saa aliyoigusa. Mkaguzi wa hesabu anayetaka kujua kwa nini mzabuni fulani aliondolewa katika hatua ya tathmini ana mahali pa kuanzia.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba zabuni ni kipande kimoja tu cha safari ndefu, tena pengine si kile kinachoamua kama dawa itakuwapo rafuni.

Tuifuate safari hiyo. Mhudumu wa zahanati huhesabu dawa zilizobaki stoo, hujaza fomu ya taarifa na maombi, na fomu hiyo hupita ofisi ya mfamasia wa wilaya na kuingizwa katika mfumo wa taarifa za ugavi unaoitwa eLMIS, ulioanza kutumika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kutoka hapo maombi hufika kanda ya Bohari ya Dawa, MSD, taasisi iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 13 ya mwaka 1993. Maombi ya vituo vyote yakijumlishwa, makao makuu ya MSD pale Keko, Dar es Salaam, hupata maoteo ya mahitaji ya nchi. Hapo ndipo zabuni inapotangazwa. Mshindi hupewa oda, kiwanda kilichopo India au China huanza kutengeneza, mzigo hupanda meli, hupokewa bandarini, hukaguliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, huingia bohari kuu, hupelekwa kanda, na mwishowe lori huushusha mlangoni mwa zahanati. Nchi huagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 80 ya dawa inazotumia, na oda ya namna hiyo huchukua miezi mingi kabla ya kidonge cha kwanza kufika kwa mgonjwa.

NeST inasimamia katikati ya safari hiyo. Mwanzoni kuna hesabu ya mhudumu, mwishoni kuna malipo kwa aliyeleta mzigo. Matatizo mengi ya upungufu wa dawa yaliyowahi kuripotiwa nchini yako katika ncha hizo mbili.

Tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa zahanati inayotumia dozi 200 za dawa fulani kila mwezi. Katika mzunguko wa miezi miwili dawa hiyo ikaisha baada ya mwezi mmoja. Mwisho wa mzunguko, kitabu kitaonyesha kwamba zilitumika dozi 200 kwa miezi miwili, yaani 100 kwa mwezi. Fomu ina mahali pa kuandika siku ambazo dawa haikuwapo ili hesabu irekebishwe, lakini pakiachwa wazi, zahanati itaomba nusu ya mahitaji yake ya kweli. Dawa iliyokosekana itaonekana kama dawa isiyohitajika. Upungufu wa mzunguko huu unazaa upungufu wa mzunguko ujao, na hakuna zabuni, hata ingekuwa safi kama maji ya mvua, inayoweza kulisahihisha kosa hilo kwa sababu MSD itakuwa imenunua sawasawa na ilivyoombwa.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukaa mchana mzima katika zahanati moja ya umma, akimtazama tabibu aliyekuwa peke yake zamu nzima. Alipokea wagonjwa, akapima malaria, akatoa dawa, akajaza rejesta. Kadi za stoo zilikuwa zimening'inia kwenye rafu, na ya mwisho kuandikwa ilikuwa na tarehe ya wiki tatu nyuma. Alipoulizwa ni lini angeziandika, alicheka tu na kumwita mgonjwa aliyefuata. Takwimu zinazofika Keko huanzia kwenye kadi kama zile.

Kwamba hesabu ina nguvu kuliko tunavyodhani, tulikwisha kuonyeshwa hapa hapa nchini. Kati ya mwaka 2009 na 2010 yalifanyika majaribio yaliyoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Washirika wake walikuwa pamoja na Wizara ya Afya, mpango wa kimataifa wa kutokomeza malaria na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM. Vituo vya afya 129 vilitumiwa ujumbe wa simu ya mkononi kila wiki kuulizwa idadi ya dawa za malaria zilizobaki, na mhudumu alijibu kwa ujumbe usio na gharama. Majibu yalionekana mara moja kwa mganga mkuu wa wilaya.

Katika wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo hivyo havikuwa na aina moja au zaidi ya dawa za malaria zilizofuatiliwa. Wiki ya 21 vilikuwa vimebaki asilimia 26. Lindi Vijijini tatizo lilimalizika kabisa ilipofika wiki ya nane.

Kilichobadilika zaidi katika majuma hayo kilikuwa taarifa. Wakuu wa wilaya waliona kituo kipi kimejaa na kipi kiko kitupu, wakahamisha dawa, wakaagiza mapema. Kwa maneno mengine, sehemu ya dawa tulizoambiwa hazipo zilikuwapo, ila zilikuwa katika rafu nyingine ndani ya wilaya ile ile. Inashangaza kidogo kwamba mafanikio yaliyopatikana kwa simu ya kawaida ya mkononi hayazungumzwi sana siku hizi, wakati tunapozungumzia mifumo ya gharama kubwa zaidi.

Ncha ya pili ni fedha. MSD haikuundwa iwe idara ya kugawa msaada. Iliundwa kama bohari inayonunua, kuuza kwa vituo kwa bei yenye nyongeza ya gharama za uendeshaji, na kununua tena. Bohari ya namna hiyo huishi kwa mzunguko wa mtaji, na mtaji ukikwama kwa mteja mkubwa, rafu huanza kukauka. Mteja mkubwa wa MSD ni Serikali yenyewe. Katikati ya muongo uliopita deni la Serikali kwa MSD lilizidi Sh100 bilioni, na vyombo vya habari viliripoti hospitali kubwa zikikosa hata vifaa vya kawaida kwa sababu hazikuweza kuongezewa mkopo.

Kwa takwimu ambazo Serikali ya Awamu ya Tano ilizitaja mara nyingi, bajeti ya dawa iliongezwa kutoka takribani Sh31 bilioni mwaka 2015/16 hadi kufikia Sh270 bilioni miaka michache baadaye. Ni ongezeko ambalo hakuna anayeweza kulikana. Lakini msomaji wa vitabu vya bajeti anajua kwamba fedha iliyopitishwa bungeni na fedha iliyotoka Hazina ni vitu viwili, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimekuwa zikilirudia jambo hilo kwa sekta nyingi, afya ikiwamo.

Mzabuni naye si mtoto mdogo. Akijua kwamba atalipwa baada ya miezi sita, ataiweka miezi hiyo sita ndani ya bei yake. Atakayejua kwamba huenda asilipwe kabisa hataomba zabuni. Hivyo, mfumo unaweza kutuonyesha washindani watatu na bei ya chini kuliko zote, na bei hiyo ikawa bado imebeba gharama ya kungoja. Hakuna kitufe katika NeST kinachoweza kuiondoa. Vivyo hivyo kwa dawa ambazo TMDA imesajili mtengenezaji mmoja au wawili tu: ushindani wa kompyuta hauwezi kuzidi idadi ya wanaoruhusiwa kushindana.

Machi 2022, baada ya kupokea ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2020/21, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza hadharani kutoridhishwa na mwenendo wa MSD, na mwezi uliofuata akafanya mabadiliko ya uongozi, akimteua Mavere Tukai kuwa Mkurugenzi Mkuu. Miongoni mwa hoja za ukaguzi zilikuwa malipo yaliyotangulia mzigo. Hoja hiyo inahusu kinachofanyika baada ya mkataba kusainiwa, yaani nani anahakiki kwamba kilicholipiwa kimeingia bohari, ni kile kile kilichoagizwa, na kina muda wa kutosha wa matumizi. Chini ya uongozi mpya MSD iliongeza mizunguko ya kusambaza dawa vituoni kutoka minne hadi sita kwa mwaka. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hatua hiyo, ambayo haikupigiwa debe kama mfumo wa zabuni, inamgusa mgonjwa moja kwa moja zaidi, kwa kuwa kosa la hesabu husubiri miezi miwili kurekebishwa badala ya mitatu.

Majirani zetu wana mafunzo yao. Nchini Kenya, kashfa ya Sh791 milioni za Kenya katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoibuka mwaka 2015, ilipita ndani ya mfumo wa kielektroniki wa fedha za Serikali, ambamo namba za siri za maofisa zilitumika kuidhinisha malipo. Miaka mitano baadaye, Septemba 2020, ripoti maalumu ya Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo ilihoji matumizi ya Sh7.8 bilioni za Kenya katika Mamlaka ya Ugavi wa Dawa, KEMSA, wakati wa ununuzi wa vifaa vya kujikinga na corona. Kompyuta zilikuwapo. Watu waliozishika ndio waliokuwa na mengine moyoni, au walipewa amri wasizoweza kuzikataa.

Uganda ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka wa fedha 2009/10, fedha za dawa za hospitali na vituo vya umma zilipewa fungu lake katika bajeti na kupelekwa moja kwa moja kwa bohari yao ya taifa. Kituo hakishiki fedha, hupangiwa kiwango na kuagiza ndani yake. Tanzania imeelekea upande tofauti: tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa katika akaunti ya kituo chenyewe, na kamati ya usimamizi wa kituo ina sauti katika matumizi yake. Mpango wa Uganda humhakikishia muuzaji fedha, wetu humpa mnunuzi uhuru. Ukitaka uhuru huo uwe na maana, lakini, ni lazima kituo kiwe na mahali pengine pa kununua pale MSD inapojibu kwamba haina.

Mahali hapo pako tayari, na hii ndiyo sehemu ya mageuzi inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Mwaka 2014, mkoani Dodoma, ulianza mpango uitwao Jazia, kwa msaada wa Serikali ya Uswisi. Kabla ya hapo kila kituo kilichokosa dawa MSD kilikimbilia duka lolote, kwa bei yoyote, kwa kiasi kidogo kidogo. Chini ya Jazia, mkoa mzima huungana na kumchagua kwa zabuni muuzaji mmoja binafsi, anayeitwa mshitiri, ambaye bei zake hufungwa kwa mkataba. Kituo huagiza kwanza MSD. MSD ikikosa, kituo kina ruhusa ya kwenda kwa mshitiri kwa dawa zile tu zilizokosekana. Mpango ukapanuliwa hadi Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 Serikali ikaueneza katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Nguvu ya Jazia ni kwamba iliunganisha vitu ambavyo mara nyingi tunaviacha vitengane: zabuni moja kwa mkoa, orodha ya bei inayojulikana, ukaguzi wa dawa zinazoletwa, na kituo chenye fedha mkononi. Udhaifu wake ni ule ule wa MSD katika umbo dogo. Kituo kisichomlipa mshitiri kwa wakati humfanya naye aanze kuchelewa, na mfanyabiashara wa mkoani hana kifua cha kubeba madeni kama bohari ya taifa.

Sasa zahanati hiyo hiyo inatakiwa kununua kupitia NeST. Agizo hilo limefika hadi ngazi ya chini kabisa, na wakuu wa vituo, sawa na walimu wakuu wa shule, wamefundishwa kuingia katika mfumo kwa ajili ya manunuzi yao madogo. Nia ni njema. Lakini tabibu yule wa kadi za wiki tatu ndiye anayetarajiwa kuwa pia ofisa ununuzi, kutafuta intaneti pale ambapo hata simu hushika mtandao kwa kupanda kichuguu, na kusubiri muuzaji aliyesajiliwa ajibu. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina kitengo cha ununuzi chenye wataalamu waliosajiliwa na bodi yao. Zahanati haina. Kuzitendea sawa taasisi hizi mbili ni kuihamisha kazi ya karatasi kutoka mezani kwa mgavi kwenda mezani kwa anayetibu, na hapo foleni ya wagonjwa ndiyo itakayolipa. Suluhisho si kuirudisha zahanati katika manunuzi ya gizani. Halmashauri inaweza kuwa na mgavi mmoja anayenunua kwa niaba ya zahanati zake zote, wakuu wa vituo wakabaki na kazi ya kuomba na kuthibitisha kwamba mzigo umefika.

Maabara nazo zina fumbo lao. Mashine nyingi za kupima damu zilizofungwa katika hospitali zetu hukubali vitendanishi vya kampuni iliyozitengeneza tu. Hospitali inapopokea mashine hiyo, iwe kwa kununua, kwa msaada au kwa kuwekewa bure, inakuwa imekwisha kumchagua muuzaji wa vitendanishi kwa miaka yote ya uhai wa mashine. Zabuni ya vitendanishi itakayofuata, hata ikitangazwa mtandaoni kwa utaratibu wote, itakuwa na mshiriki mmoja. Uamuzi wenye gharama ulifanywa siku ya kupokea mashine, na siku hiyo mara nyingi huwa ni ya kupiga picha na kukata utepe.

Hospitali binafsi ziko nje ya NeST, kwa kuwa hazitumii bajeti ya Serikali. Hununua kwa waagizaji na wauzaji wa jumla, mara nyingi kwa simu, kwa mkopo wa siku 30 hadi 90, na zile za mashirika ya dini huagiza pia MSD na katika bohari za misheni. Wengi hudhani kwamba huko mambo ni shwari kwa sababu rafu hazikauki. Ukweli ni kwamba nazo zimefungwa kamba ile ile, isipokuwa anayeishika ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF.

Machi 1, 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali kubwa za binafsi jijini Dar es Salaam zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo. Kwa siku kadhaa watu wenye kadi halali walirudishwa mapokezi. Mzozo ulihusu bei, na sehemu kubwa ya bei hizo ni za dawa. NHIF ilisema imezipanga kwa kuangalia soko, wenye hospitali wakasema soko wanalonunulia wao si hilo. Mamlaka zikaunda kamati, mazungumzo yakafanyika, huduma zikarejea.

Jambo lililojitokeza katika mzozo ule ni kwamba hakuna aliyeweza kuweka mezani bei moja ya dawa ambayo pande zote zinaiamini. MSD ina orodha yake ya bei. Kila mshitiri wa mkoa ana yake. NeST inahifadhi bei za mikataba ya umma kwa maelfu. NHIF ina kitita chake, na hospitali binafsi zina ankara zao kabatini. Kama bei halisi ambazo umma ulilipa kwa kila dawa, kiasi na tarehe, zingekuwa zinachapishwa mahali pamoja kutoka NeST na MSD, mazungumzo ya Machi 2024 yangeanzia penye ushahidi badala ya kuanzia penye tuhuma. Hospitali binafsi ndogo, ambayo haina nguvu ya kubishana na mwagizaji, ingejua inapigwa bei kiasi gani. Hapa ndipo NeST inapoweza kuisaidia sekta binafsi bila kuilazimisha kuingia ndani yake.

Suala hili litazidi kuwa zito. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bima ikienea, wanaofika dirishani wataongezeka. Mwenye kadi aliyekatwa mchango wake hatakubali kikaratasi cha kwenda dukani kwa upole ule wa aliyezoea kutibiwa kwa msamaha.

Tena kuna jambo ambalo mwaka 2025 ulituamsha nalo. Sehemu ya mifumo yetu ya taarifa za ugavi, pamoja na wataalamu walioizunguka, ilijengwa kwa fedha za miradi ya Marekani. Januari mwaka huo Serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, na hatimaye shirika lake la USAID kufungwa kufikia Julai 1, nchi nyingi za Afrika zilijikuta zikihesabu siku za akiba ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Mfumo wa zabuni ulijengwa na wataalamu wetu. Mifumo inayotuambia dawa ngapi zimebaki ilitegemea mno mfuko wa mtu mwingine, nayo ndiyo tunayoihitaji kila wiki.

Wizara ya Afya hutangaza kila mwaka kiwango cha wastani cha upatikanaji wa dawa. Wastani huo huchanganya hospitali ya Taifa na zahanati ya mwisho wa barabara, na huweza kupanda wakati zahanati inashuka. Wabunge watakapoijadili tena bajeti ya wizara hiyo Dodoma, wataelezwa thamani ya zabuni zilizopita katika NeST. Wanaweza kuuliza matatu zaidi: kila zahanati ilipata asilimia ngapi ya ilichoomba, ilikaa siku ngapi bila dawa za malaria na antibayotiki za watoto, na MSD ililipwa baada ya siku ngapi. Majibu hayahitaji mfumo mpya. Kwa sehemu kubwa yamo katika kompyuta za Keko, za wizara na za Hazina, na mengine yako kwenye kadi zilizoning'inia katika rafu za zahanati, zikisubiri mtu wa kuziandika.